Hamisi na Mafundi wa Ghorofa ya Tano

Mafundi wenzangu wa Kihonda, mlinituma na sasa mnauliza mambo yalikwendaje. Nawasimulia.

Mnajua kilichonipeleka Dar. Hamisi, tuliyejenga naye miaka mingi hapa Morogoro, alinipigia simu kutoka Kariakoo. Yeye na wenzake walikuwa wanapiga plasta nje ya ghorofa ya tano, wamesimama juu ya mbao zilizoshikiliwa na miti ya mirunda na kamba, bila mikanda ya usalama. "Njoo uongee na wenzangu, Beda," alisema. "Mimi wananiona mwoga. Wakiuona mguu wako watasikiliza." Mguu huu ulivunjika jukwaa la namna hiyo lilipokatika chini yangu, na ndiyo maana kikundi chetu hakipandi tena bila mikanda.

Asubuhi na mapema nilipanda treni ya umeme. Kutoka stesheni nikaenda mtaa wa Gerezani, anakoishi Hamisi, kwa miguu, polepole, nikikatiza kwenye maduka ya vipuri, hadi aliponipokea begi.

"Karibu Bongo, kaka. Mbona unachechemea kuliko zamani?"

"Lami yenu ngumu," nikamjibu, tukacheka.

Mchana tulikuwa kwenye jengo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Msimamizi alinizuia getini. Nikawasubiri mafundi kwa mama ntilie, ng'ambo ya barabara. Walikuja na saruji kwenye kope, wakaagiza ugali na maharage. Nilipandisha suruali, wakaliona kovu. Nikawaeleza jinsi nilivyolala kitandani, mke wangu akinigeuza kama mtoto.

Kisha mmoja wao, Juma, akasema, "Tumekusikia, fundi. Ila tukigoma leo, kesho wanaingia wengine. Wanangu watakula nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuwahimiza wawe jasiri, lakini mbele ya sahani zile niliyaacha maneno hayo.

"Basi msigome," nikasema. "Mwenye jengo ni nani?"

Alikuwa Mama Massawe, mtu wa Moshi, anauza vitenge kwa jumla mtaa wa nyuma. Hamisi na wenzake walirudi kazini, mimi nikaenda dukani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikupimie nini?"

Nikamweleza. Akakunja uso. "Mbona wao hawajaniambia?"

"Wanaogopa kufukuzwa. Sikuombi uniamini, mama. Naomba upande ukaone tu."

Aliutazama mguu wangu, akamwachia binti yake duka, akatangulia. Msimamizi hakuthubutu kumzuia. Ghorofa ya tano alishika ukingo wa dirisha akachungulia. Chini kabisa mikokoteni ilikuwa inapishana na watu. Hamisi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, mwiko mkononi, na ubao ukicheza kila alipohamisha mguu.

Mama Massawe aliongea kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumshtua. "Baba, ingia ndani. Taratibu. Ingieni wote." Alimshika Hamisi mkono, hakumwachia mpaka miguu yake ilipokanyaga sakafu.

Nilibaki kwa Hamisi siku chache. Mirunda ilishushwa, likaja jukwaa la chuma, na mikanda ikagawiwa. Lakini msimamizi alikuwa ameshajua nani aliniita. Akamwambia Hamisi asirudi tena.

Nilimrudia Mama Massawe. Alikunja kitenge kilekile mara mbili bila kuniangalia. Akasema kuchagua mafundi ni kazi ya msimamizi, na hawezi kugombana naye jengo likiwa nusu. Sikumchukia, ila nilitoka pale nimenyong'onyea.

Siku ya kurudi, Hamisi alinisindikiza. Tulipopita mbele ya jengo, Juma alikuwa juu, mkanda kiunoni. Alimpungia Hamisi mkono, kisha akainama kwenye kazi yake.

"Nisamehe," nilimwambia Hamisi stesheni. "Nimekukosesha kazi."

"Wewe ulishuka kwa kuanguka, Beda. Mimi nimeshuka kwa ngazi. Nikusamehe nini?" Alicheka, lakini begi langu alikawia kulitoa mkononi.

Nililojifunza ni hili: tulijiandaa kumsaidia kila mtu kwenye jengo lile, isipokuwa yule aliyetuita. Jumatatu Hamisi anafika Kihonda. Kazi tuliyonayo ni ndogo, najua. Naomba tumpe nafasi, hata kama kila mmoja wetu atapungukiwa siku za kazi.