Ukuta Uliojipinda Kuupisha Mfereji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyosimama mbele ya Mdachi mkubwa wa boma nikamwambia kwamba ukuta wake umenyooka mno. Nilikuwa mke mchanga hapo Kimandolu, na mume wangu alikuwa mmoja wa waliolazimishwa kubeba mawe.

Mdachi alitaka soko chini ya boma, lizungushiwe ukuta. Wanaume wajenge, wanawake tuusiribe kwa udongo. Lakini ukuta ule ulipangwa kupita juu ya mfereji wetu, uliotoka Mlima Meru na kunywesha migomba ya ukoo mzima. Amri ikatoka: mfereji ufukiwe.

Nilikwenda kwa Koko, bibi yake mume wangu, nikalia. Hakunibembeleza. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Umeshalia, sasa nyamaza," akasema. "Wewe ndiye unayesiriba ukuta ule. Kamwambie fundi ukuta uyapishe maji, na nyinyi wanawake mtaupamba."

Basi nikamwendea fundi Salimu, mwashi wa Kiislamu kutoka Pangani, mtu mpole wa maneno machache. Alichuchumaa akachora kwa kidole mavumbini: ukuta unajipinda kidogo, unafuata mteremko, na maji yanapita chini ya tao la mawe. Akaongeza baraza ndefu ya kukalia, kama za kwao pwani. Nami nikasema ukuta wote juu ya baraza tutauchora kwa udongo mwekundu na mweupe, kama shanga tunazovaa shingoni.

Tulikwenda bomani pamoja. Nikamwambia Mdachi ukuta wake umenyooka mno, ujipinde uupishe mfereji, na mkalimani akamfasiria huku akiogopa kuliko sisi. Mdachi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema tujenge, ila siku ya soko la kwanza maji yakiuangusha ukuta, mfereji utafukiwa, na Salimu atachapwa viboko mbele ya watu.

Tulijenga, mwanangu. Salimu alipanga mawe, sisi tukafuata nyuma yake na udongo ungali mbichi. Aliponiona nachora alikuwa akibadilisha jiwe ili mstari wangu upate pa kupita. Nami nilipoona kivuli cha tao kinapoangukia, niliacha pale peupe. Mimi Mwarusha, yeye mtu wa pwani. Tulielewana vizuri kuliko ndugu wengi.

Siku ya soko ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha mlimani tangu alfajiri. Maji yakashuka kwa kishindo, mekundu, yamebeba vigogo vya migomba. Watu wakakimbia. Salimu alisimama palepale, midomo ikitikisika kwa dua.

Maji yakafika kwenye kona, yakageuka, yakaingia chini ya tao, yakatokea upande wa pili kama mgeni aliyeonyeshwa njia. Halikudondoka hata jiwe moja.

Vigelegele vilivyopigwa! Akina mama waliotoka mlimani na ndizi zao wakaitua mizigo barazani, wakakaa, wakaanza kuonyeshana ile michoro. Mdachi akashuka, akapitisha kiganja ukutani, akauliza nani kachora. Mkalimani akanielekeza mimi.

"Mfereji ubaki," akasema. "Na upande wa pili mjenge hivyo hivyo."

Mume wangu, mabega yamechubuka kwa mawe, alicheka siku ile. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu boma lianze kujengwa.

Sasa nyinyi ndio mnaojenga mji. Msijenge kwanza kisha mkatafuta pambo la kubandika. Mchoraji na mwashi waanze siku moja, na wote wawili waitazame ardhi kwanza: maji yanapita wapi, upepo unatoka wapi, mama mwenye mzigo atapumzika wapi. Uzuri usiompa mtu pa kukaa haumtoshi. Na ukiona mstari wa mkubwa umekosewa, sema kwa adabu, lakini sema.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyochoka na wenzako wa kuelewana nao kazini, na utakachojenga, wajukuu wa watu usiowajua wakikalie kwa raha.