Biriani ya Kamati ya Ukaguzi

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika benki moja ndogo hapa Mombasa, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupiga chapa kumbukumbu za kamati ya ukaguzi. Kamati yenyewe ilikuwa wazee watatu wenye heshima zao mjini. Walitakiwa wamuulize mwenyekiti wa benki maswali ambayo asingependa kuulizwa. Hawakuuliza. Wangeulizaje? Walikutana nyumbani kwake Kibokoni, Jumamosi baada ya adhuhuri, wakala biriani yake. Kwetu huwezi kula wali wa mtu kisha ukamhoji, mikono yako ikingali yanukia zafarani.

Mimi kumbukumbu nilizipiga chapa Ijumaa, kabla hawajakutana. "Kamati imeridhika." Nilijisifu kwa uhodari huo, mjinga mimi.

Jumamosi moja mkaguzi wa ndani wa benki yetu, bwana wa kutoka bara, alikuja na faili la mikopo waliyopewa jamaa za mwenyekiti bila dhamana yoyote. Mwenyekiti akamkaribisha kwa bashasha.

"Kula kwanza, bwana. Faili haliendi popote."

Akala. Ikaja kahawa, ikaja dua, watu wakaagana. Jumatatu yule bwana akahamishiwa tawi la mbali, na mimi nikaambiwa nilirudishe faili kabatini. Nililisoma kwanza, ukurasa kwa ukurasa.

Mwezi ule ule benki ikaanza kuuza hisa. Mamangu alikuwa mshoni wa mabuibui, na alikuwa na akiba yake ya kwenda Hija. Alikifungua kijitabu cha benki cha kutangaza hisa, akazitazama picha za wale wazee watatu kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye aliyesalisha jeneza la babako," akasema. "Watu kama hawa wakilinda, mimi nina khofu gani? Wasemaje, mwanangu?"

Kwake yeye thamani ya hisa zile ilikuwa nyuso zile tatu, na wa nne ulikuwa wangu. Ningeweza kumwambia kuhusu faili. Lakini niliogopa kufukuzwa, na niliona haya kuwasema wazee.

"Ni watu wazuri, mama," nikamwambia.

Na kweli walikuwa watu wazuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akiba yote akainunulia hisa, na haukupita muda mrefu benki ikafungwa. Mama alikwenda kusimama nje ya lango pamoja na wenzake, akarudi na buibui limejaa vumbi. Nilingoja anilaani. Natamani angenilaani. Alinishika mkono tu.

"Pole, mwanangu. Kazi imekwenda. Hata wewe wamekukhadaa."

"Naam, mama," nikamjibu.

Hija hakwenda. Alishona mpaka macho yakamshinda, na kila baada ya sala alimwomba Mungu anilipie mimi haki yangu kwa wale walionidhulumu. Aliomba hivyo mpaka siku aliyofariki, nami nilikuwa kando yake, nikiitikia amina.