Dereva Awe na Mke Mmoja

Nianze na bati, maana vijana wa siku hizi wanadhani taksi ni kuwa na gari na petroli, basi. Zamani za Wabelgiji, hapa Kamina, gari la kubeba watu lisilo na bati lilikuwa sawa na gari la wizi. Bati lenyewe, ndiyo leseni yetu ya taksi, lilikuwa jeupe, limekatwa na fundi wa reli, lina namba nyeusi, linafungwa kwa waya chini ya taa ya mbele. Madereva tulikuwa wanne tu katika sité nzima, yaani mtaa wetu sisi Waafrika. Langu lilikuwa namba tatu. Nilikuwa nalipangusa kila asubuhi kabla sijanawa uso, na mke wangu wa kwanza alikuwa akinicheka kwamba siku moja nitalipaka mawese.

Mimi ni mtu wa shule. Nilisoma kwa wamisionari, na wenzangu wa darasa wakawa makarani na walimu, wakavaa tai. Mimi nilipenda mota. Nilianza kwa kuosha malori ya Mgiriki mmoja, nikajifunza kuendesha, na yeye alipohama aliniachia gari lake jeusi kuukuu kwa bei ya huruma. Kazi ilikuwepo tele. Wazungu walikuwa wanajenga kambi kubwa ya ndege nje ya mji, treni zilishusha watu mchana kutwa, na kila anayeshuka ana sanduku, ana godoro, ana kuku wawili, na anataka kufikishwa mlangoni.

Konsei ya sité, yaani baraza lake, ndiyo iliyotutawala sisi madereva. Palikuwa na shefu wa sité, karani, na wazee kadhaa, na juu yao Mzungu wa teritware, yaani mkuu wa wilaya, ambaye hatukumwona sana. Konsei ile ilipenda sheria kama mtoto anavyopenda muwa. Mara dereva avae kofia na viatu. Mara aende kwa daktari, apimwe macho na kifua. Mara asichanganye abiria na samaki wa Kinkondja, hapo angalau walikuwa na haki, maana samaki wale wa kukaushwa wakiingia garini harufu haitoki mpaka kesho kutwa. Niliguna kila mara, lakini nilitii kila mara. Bila bati ningerudi kuosha malori ya watu.

Ndipo ikaja sheria ile. Siku ya soko karani alipiga kengele, akapanda juu ya kreti, akasoma kwa sauti: "Dereva wa taksi awe muntu ya mwenendo muzuri, iko na bibi moya tu. Mwenye bibi mbili, tutatosha bati yake." Yaani atanyang'anywa.

Soko zima likanigeukia. Mpuuzi mmoja muuza muhogo akapaza sauti, "Eh, namba tatu! Bibi ya pili utamuweka ku garaji?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilitaka kumrukia. Mpaka leo sijui gari linadhurika vipi kwa wake wa dereva. Breki zinajua ndoa?

Wake wawili nilikuwa nao, ni kweli. Wa kwanza nilimwoa kanisani, kwa pete na nyimbo. Wa pili alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alifanya kazi ya reli, akashikwa na kifua, akafa kabla ya kupata mtoto. Kwetu Waluba mjane wa kaka hatupwi njiani. Wazee wa ukoo walikuja, wakafanya yaliyo desturi, wakaniambia huyu sasa ni wako. Kanisa likanitoa kwenye meza ya Bwana. Niliuma meno, nikakubali, kwa ajili ya kaka.

Halafu nikampenda. Nasema wazi, nimezeeka, simwogopi mtu. Alikuwa mwanamke wa Kinkondja, mtoto wa wavuvi, haongei sana, akicheka anacheka polepole hadi machozi. Kiti cha nyuma cha gari kilipochanika, hakuniuliza; alichukua turubai na sindano yake ya kushonea nyavu, akakishona mishono mikubwa ya kuvuka kama ya wavu. Mafundi wa mjini walishindwa kushona namna ile. Na wakati sheria ile inasomwa sokoni, alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano.

Karani tulisoma pamoja. Alinijia mchana, akaniambia konsei itapita nyumba kwa nyumba ya madereva Jumamosi. "Mutume bibi ya pili kwabo kwanza," akasema. "Akae kule, tutaona." Nikakataa. Nilijidanganya kwamba shefu wa sité ni Mluba kama mimi, na yeye mwenyewe aliwahi kumrithi mjane siku zake za kijijini, kwa hiyo atafumba jicho. Kiburi tu. Mke wangu wa pili sikumwambia lolote. Sheria alikuwa ameisikia kama kila mtu, akanitazama, akangoja niseme, nami nikazungumzia plagi.

Jumamosi walikuja watatu: shefu, karani na daftari lake, na mzee mmoja wa kanisa aliyehamia karibuni, asiyejua bado mambo ya nyumba yangu. Walianza na gari. Honi ililia, breki zilishika, karatasi ya daktari ilikuwa safi. Mzee wa kanisa alikalia kile kiti kilichoshonwa, akakisifu. Nikaanza kupumua. Mke wa kwanza yuko ndani na watoto. Yule wa pili akatoka jikoni na viti, kisha akaleta maji ya kunywa kwa jagi, kama anavyofanya mwanamke yeyote mwenye adabu akiona wageni. Tumbo lilikuwa linaonekana.

"Huyu mama njo nani?" shefu akauliza.

Ningeweza kusema shemeji. Lakini mjane wa kaka akikaa kwa mdogo mtu, na tumbo lile, kila Mluba anajua ni nini. Nikaliona bati langu pale mbele ya gari linang'aa. Ulimi hauna mfupa.

"Dada yangu," nikasema. "Baba moya, mama moya."

Shefu alilitazama lile tumbo. Alijua. Na alijua kitu ambacho mzee wa kanisa hakukijua au alikuwa amekisahau: kwetu mwanamume akimwita mkewe dada mbele ya watu, amekata ndoa. Si mzaha. Kuanzia hapo kumgusa ni kijila, ni mwiko wa kuleta kifo nyumbani. Akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Weye muntu ya kwetu. Unasikia ile unasema?"

"Ninasikia."

"Na hii tumbo? Bwana yake iko wapi?"

"Iko Kinkondja. Njo muvuvi."

Ee Mungu! Nilimtoa mke, kisha nikamtoa na mtoto, kwa pumzi mbili.

Shefu akamgeukia yeye. "Mama, iko kweli?" Alikuwa amesimama na jagi mkononi. Hakunikasirikia. Alinitazama tu, akinipa nafasi, na mimi nikatazama tairi.

"Iko kweli," akasema. "Minyi niko dada yake."

Karani akaandika. Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Kisha karani, bila kuinua uso, akasema kwamba basi mama huyu ni mgeni katika sité, na mgeni anahitaji karatasi ya wageni, ya mwezi mmoja, kisha arudi kwa bwana yake. Akaijaza palepale juu ya goti. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo.

Walipoondoka nilirukaruka uani kama mwehu. "Umeniponyesha!" nikamwambia. "Aksanti, mama, aksanti!"

Akaweka jagi chini. "Aksanti ya nini, ndugu yangu?"

Nilidhani ananitania. Lakini jioni ile aliniletea chakula kwa mkono wa mtoto, na mkeka wake aliuhamishia kwenye chumba cha watoto. Nikamfuata, nikasema yale yalikuwa maneno ya konsei tu, ya karatasi. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Konsei haikukuambia useme dada. Mudomo yako njo ilisema. Bantu balisikia, na mutoto humu ndani alisikia."

Mke wangu wa kwanza, ambaye aligombana naye kwa kuni, kwa chumvi, kwa kamba ya kuanikia nguo, nilitegemea atafurahi. Alikaa mlangoni akilia. Akaniambia, "Umeuza muntu kwa bati." Nikamfokea anyamaze. Nilikuwa nafoka sana siku zile.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa shefu, nyumbani kwake. Alinikaribisha vizuri. Akaniambia njia ipo. "Leta bati. Leta mbuzi. Tuite balebale batatu ba Jumamosi ile, useme mbele yetu: nilidanganya, huyu njo bibi yangu. Minyi nitapasula ile karatasi ya mugeni, na kijila tutaiondoa na damu ya mbuzi." Kisha akaongeza, "Lakini bati haitarudi. Hapo siwezi."

Nikarudi nyumbani. Mbuzi nilikuwa naye. Nikachukua koleo, nikachuchumaa mbele ya gari, nikaushika ule waya. Mizunguko minne tu, kuilegeza si kazi. Yeye alikuwa anatwanga muhogo, na mchi ukasimama. Alijua nilikotoka, sité ni ndogo. Nikafikiri watoto wako shuleni, wanataka ada. Nikafikiri malori ya watu na ndoo ya maji ya sabuni, na wenzangu wa tai wakipita. Nikafikiri nitapata tu namna nyingine, karatasi tutaiongeza, mtoto akizaliwa mambo yatapoa. Sababu zangu zilikuwa nyingi na zilikuwa za kweli. Nikaukaza ule waya, kama vile ulikuwa umelegea, nikarudisha koleo chini ya kiti. Baadaye kidogo mchi ukaanza tena.

Karatasi yake ilipokaribia kwisha nilimpeleka stesheni. Alifunga vitu vyake katika kitenge kimoja na sufuria moja. Mke wa kwanza alimpa shuka yake nzuri, wakashikana muda mrefu. Nikamfungulia mlango wa mbele, akapita, akaketi nyuma, pale alipopashona mwenyewe, wanapokaa abiria. Tukaondoka. Polisi mmoja aliliona bati, akanipungia mkono nipite. Treni ya Bukama ilikuwa imeshafika. Aliniambia, "Endesha muzuri, ndugu," akapanda, na upande wa dirisha niliosimama hakukaa.

Niliendelea na taksi. Kila mwaka konsei ilinipa bati jipya, na karani aliandika "bibi moya" bila kuniuliza. Habari zilinifikia kupitia wauza samaki: amejifungua msichana, wote wazima. Nilituma nguo, nikatuma sabuni. Sikujibiwa vibaya wala vizuri.

Mtoto alipokaribia miaka sita nilishindwa. Niliacha gari kwa siku kadhaa, nikapanda treni hadi Bukama, nikashuka na boti mtoni hadi Kinkondja. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nitasema mbele ya watu wote: mimi ni baba yake, nilidanganya. Niliyarudia kwa sauti hadi mama mmoja kwenye boti akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimkuta mama yake akipanga samaki juu ya uchaga. Alikuwa amenenepa kidogo. Kando yake mwanamume mmoja alikuwa anatengeneza wavu. Yule mwanamume aliponiona akainuka upesi, akaniletea kiti, akaniambia karibu shemeji. Alikuwa bwana yake. Muvuvi wa Kinkondja. Majirani wakasogea, maana mgeni wa Kamina ana habari.

Mama akamwita msichana. Akaja mbio, ana magamba ya samaki mikononi, na paji la uso lile ni langu, ni la kaka yangu, ni la baba yetu, hakuna mtu mwenye macho ambaye hangeliona. Mama yake akanitazama kama siku ile ya jagi. Alingoja. Nafasi ilikuwa yangu, pana kabisa. Nikafungua kinywa, nikamwona yule mwanamume anatabasamu, kiti chake nimekikalia.

"Salimia mujomba yako," mama akasema.

Msichana akapiga magoti kama anavyofunzwa mtoto wa kwetu, akapiga vikofi taratibu. "Jambo, mujomba."

"Jambo," nikajibu, "jambo, mpwa wangu."