Kanga za Mwinshehe na Dagaa wa Safina

Siku hizi dagaa wa Ujiji wanauzwa kwenye mifuko yenye picha ya samaki anayecheka, na mnunuzi hajui kama waliona jua au hawakuliona. Zamani mtu aliuliza kwanza jina la mwanikaji. Wachuuzi wa Mwandiga wakiambiwa "hawa ni wa Safina", hawakuonja, walifunga magunia wakaondoka.

Safina binti Hamdani alianza kuanika na mama yake katika ufukwe wa Kasingirima akiwa bado msichana mdogo. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kurudisha mtumbwi uliokwisha kushika njia ya Kongo. Mchanga wake ulikuwa hatua ishirini kwa kumi. Alfajiri alinunua mabeseni manne kwa wavuvi, akawatandaza dagaa. Adhuhuri aliwageuza kwa ufagio. Alasiri walikuwa wakavu. Mumewe alifia majini. Mchanga ule ndio uliowalea yeye na bintiye Ikram, wala hakuwa na kazi nyingine.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa na magodoro kichwani, mji ukajaa magari meupe yenye antena, na vijana wetu wakaanza kusahau shikamoo. Wengine katika miaka ile walipata vilio, wengine walipata malori. Mwinshehe alipata malori. Alisomba mahindi ya makambini, akajenga ghorofa Katubuka, kisha akauzungushia ufukwe wetu wavu wa chuma aweke makontena yake. Getini alimweka mlinzi aitwaye Feliksi, na orodha ya wanawake thelathini walioruhusiwa kuanika kwenye kona moja tu. Waliobaki walianika kando ya barabara, magari yakiwatilia vumbi.

Safina alikuwemo kwenye orodha. Regina hakuwemo. Huyu alitoka Burundi na mtoto mgongoni, na Safina alikuwa amemgawia nusu ya mchanga wake kabla wavu haujaja.

Mwaka wa tisini na saba likatoka tangazo. Umoja wa wafanyabiashara ungemtunuku Mwinshehe ngao yenye maneno "Mlezi wa Wanawake wa Ufukweni". Wanawake mia moja waligawiwa kanga zenye jina lake, waje uwanjani wapige vigelegele. Feliksi akatumwa kusema kwamba aliyemo kwenye orodha asipofika, jina lake litafutwa, na asiyemo hataandikwa kamwe.

Hapo ndipo Mwinshehe alipokosea, kosa ambalo babu yake mvuvi asingelifanya hata akiwa na homa. Sherehe aliiweka Jumamosi ya giza, mwezi haupo. Kwetu shughuli zilingoja mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa za karabai na wavuvi hulala nyumbani. Harusi, tohara, ngoma, hata ugomvi wa mirathi viliungoja mwezi. Mwinshehe alitazama kalenda ya ukutani.

Alfajiri ya Jumamosi ile mitumbwi ilirudi imejaa hadi ukingoni. Wanawake wakasimama na mabeseni yao, hawajui pa kwenda.

"Tukienda, dagaa wanaoza. Tusipoenda, tunafutwa," alisema Ashura, jirani wa Safina. "Bora nife leo nipumzike."

"Usife, shoga. Nani atanitwika beseni?" Safina akamjibu.

Regina akauliza taratibu, "Kwani huko uwanjani hakuna jua?"

Safina alimtazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Ego!" alisema, ndiyo ya Kiha. "Jua lipo tele. Na kanga tumepewa."

Saa nne waliingia uwanjani wakiimba, kanga zimekunjwa kichwani, mabeseni juu yake. Mgeni rasmi alikuwa Bi Christina, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Msema chochote akapaza sauti: "Akina mama, vigelegele!"

Wao wakashusha mabeseni. Wakatandika kanga mbele ya meza kuu, jina la Mwinshehe likitazama mbinguni, wakamwaga dagaa juu yake. Harufu ikapanda jukwaani. Kunguru wakashuka kama wamealikwa.

Mwinshehe aliruka kitini. "Safina! Nimekupa kanga uvae!"

"Nimeivaa tangu Alhamisi, baba. Leo imekuja kazini."

"Nitakufuta kwenye orodha!"

Wote walijua kufutwa ni nini. Safina akainamisha beseni lake la mwisho, akalimwaga lote. Nilikuwa karibu, nilimwona.

"Nifute," alisema. "Ila usikanyage, mwanangu, hayo ni mabeseni manne."

Bi Christina akainuka. "Mama, kwa nini msianike ufukweni?"

"Mheshimiwa, ufukwe umelelewa mpaka umefungiwa ndani."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, na Bi Christina mwenyewe alijiziba uso kwa karatasi ya ratiba, mabega yakimcheza. Alipotulia aliirudisha ngao kwenye boksi lake. "Bwana Mwinshehe, naomba nione karatasi za kiwanja hicho." Hazikuwepo. "Basi ufunguo wa geti uko kwa nani?"

Ulikuwa kwa Feliksi, naye Feliksi alikuwa amepiga magoti kwenye majani anatandaza dagaa, kwa sababu beseni moja lilikuwa la mama yake. Aliutoa ufunguo bila kuinuka.

Kwa amri ya Bi Christina, wavu uliondolewa kabla mwezi haujaandama. Safina alipima hatua zake ishirini kwa kumi, akamkatia Regina nusu. Chuma chenyewe wanawake walikigawana, wakakipigilia juu ya miti, wakapata vichanja vya kuanikia. Mimi dagaa wa kichanja siwapendi. Hawana chembe ya mchanga wa kukukumbusha ulikozaliwa. Safina alinicheka. "Mzee, wewe una meno mangapi ya kutafunia mchanga?"

Ikram aliolewa palepale ufukweni mbalamwezi iliyofuata, wavuvi wote wakiwa nyumbani. Mwinshehe alialikwa. Alikuja, akaketi nyuma, akala sahani mbili. Tangu siku ile watu wa hapa huozesha siku yoyote ukumbi ukipatikana. Mimi ile ndiyo harusi ya mwisho niliyoiona ikiungoja mwezi, na Safina alicheza mpaka ukazama.