Kona ya Kambale

Mume wangu Yoakimu, Baba Gerald, anawajua kambale wa kijito chetu hapa Tlawi kuliko anavyonijua mimi. Sitanii. Watafiti walipokuja waliwapasua samaki tumboni, wakawatia kidude kidogo kama punje ya mchele, wakawashona na kuwarudisha majini. Kazi ya Baba Gerald ikawa kutembea kingoni na fimbo ya waya, hedifoni masikioni. Mashine ikilia, ujue kambale yuko pale chini. Walitaka kujua samaki anapenda kukaa wapi.

Basi ikaonekana wanapenda kona moja tu, yenye kivuli na mizizi. Na kona hiyo ni yangu. Ndipo ninapolima vitunguu saumu tangu niolewe, ndivyo vilivyomsomesha Gerald. Baba Gerald alikuwa anarudi jioni anacheka, eti kambale wanafuata harufu yangu.

Kwenye mkutano wa kijiji mtaalamu akasimama, akatangaza kwamba kona ya Yoakimu imethibitishwa kuwa makazi. Sisi huku tukisikia makazi tunajua ni viwanja, mtu apimiwe apate hati yake. Jamani, nilipiga vigelegele. Wifi yangu Lucia akanipa hongera mbele za watu. Baba Gerald alikuwa amekaa mbele na watafiti, anatazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata wakaja kusimika bikoni. Mita sitini kutoka majini, marufuku kulima. Kumbe makazi ya samaki. Shamba langu lote liko ndani. Nikamuuliza mume wangu kama alijua. Akasema kazi ni kazi, yeye alikuwa anasikiliza tu, hakupanga yeye. Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Vitunguu vilikuwa vimebakiza kidogo kukomaa. Niliomba nivune kwanza, nikaambiwa nisubiri jibu la wilayani. Nimesubiri mpaka majani yamekauka, na mvua ikivikuta ardhini vitaoza vyote. Jana asubuhi nikabeba jembe nikaingia, liwalo na liwe. Sijang'oa hata kimoja, namwona Baba Gerald anakuja kingoni na fimbo yake. Nikafurahi, nikidhani amekuja kunisaidia. Akasimama kwenye tuta langu, akainua mkono ninyamaze, akasikiliza.

"Mama Gerald, toka polepole," akasema. "Unawashtua."