Vijiji Viwili vya Watu Walewale

Nilisoma misheni mpaka nikajua kuandika, ila sikufika pale wanapofundisha cha kuandika. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikienda kombo. Haya yalitokea wakati wa Mdachi, kabla ya vita vya Maji Maji, na nayaandika kwa sababu wanaoyasimulia humcheka Mzungu peke yake. Si haki. Tulishirikiana.

Mzungu huyo alikuwa mpima ardhi. Kwao alisoma chuo kikubwa elimu ya nchi: mito, udongo na mvua, halafu namna watu wanavyokaa juu ya vitu hivyo. Mimi nilimshikia mnyororo wa kupimia, na jioni alinieleza kwamba mahali ndipo panapoamua mtu aishi vipi. Nilimwitikia, ingawa sina hakika kama nilimwelewa. Nchi tuliipima kiangazi kizima. Watu tuliwauliza jina la kijiji, basi.

Sasa sisi wa bonde la Kilombero, huku karibu na Ifakara, tulikuwa na makazi mawili. Kiangazi tulikaa bondeni kando ya mto, kwa ajili ya samaki na mahindi ya udongo mbichi. Masika mto unapanda, nasi tunapanda kilimani kwenye nyumba zetu nyingine. Mpima alitukuta bondeni, akauliza jina la kijiji, akaambiwa. Akanichukua nimshikie mnyororo upande wa Mahenge, tukarudi mvua zilipokaribia, akawakuta watu wetu kilimani. Akauliza jina la kijiji, akaambiwa. Hakuna aliyesema uongo. Kwetu, kumjibu mgeni zaidi ya alichouliza ni kumwonyesha kwamba hajui kuuliza.

Ramani ikafika boma. Kiangazi kilichofuata akaja akida na amri: kila kijiji kiwe na jumbe wake na shamba lake la pamba, naye atarudi kukagua watu. Jumbe wa kilimani alikuwa baba yangu. Wa bondeni hakuwepo, na nani angethubutu kumwambia akida kwamba ramani ya serikali imekosea? Baba akamtaja shemeji yake, yaani mjomba wangu.

"Shemeji, umenipa kijiji kisicho na watu," mjomba alisema akida alipoondoka.

"Si una dada? Anza naye."

"Dada yangu nilishakupa wewe."

"Basi siku ya ukaguzi nitakuazima."

Walitaniana, lakini mjomba hakuwa anacheka. Jumbe ambaye watu wake hawakuonekana alichapwa viboko hadharani. Jumbe mmoja jirani yetu alikuwa amechapwa, na mjomba alikuwa amemwona mwenyewe akila ugali wake amesimama. Kwa hiyo tukalima mashamba yote mawili, ya juu na ya chini, huku mgongo wa mjomba ukiwa mikononi mwetu.

Siku ya ukaguzi akida alianzia kilimani. Tulijipanga, akatutazama, kisha baba akamzuia kwa chakula. Mama alikuwa ameagizwa achinje jogoo mzee kuliko wote na amchemshe bila haraka. Akida akiwa bado anapambana na paja, sisi tulikuwa tunateremka mbio kwa njia ya mkato, wanaume wakibadilishana kofia, wanawake wakibadilishana watoto. Mama alifika akiwa na mtoto wa kiume asiyemjua vizuri.

Bondeni, akida alipita mbele ya mstari ameshiba na macho mazito. Akasimama mbele ya jirani yetu mwenye kidonda mguuni.

"Huyu nimemwona kilimani."

"Ni pacha wake, Bwana Akida," mjomba akasema.

"Na kidonda?"

"Walilima pamoja. Jembe lilikuwa moja."

Akida akamtazama kwa muda. Sijui kama aliamini. Kwa haki yake naandika kwamba alikuwa mtu mwerevu, na kwamba njia ya kurudi kwake ilikuwa ndefu. Akapita.

Masika yakaja. Mto ukapanda, tukapanda, pamba ya bondeni ikabaki chini. Mpima akatumwa kuja kuitazama, na mjomba akaamriwa ampeleke. Mimi nilikaa mbele ya mtumbwi, mjomba nyuma akisukuma kwa pondo. Katikati ya maji matupu Mpima akakunjua ramani yake.

"Kijiji kiko wapi?"

"Tumefika, Bwana," mjomba akasema, akagonga kwa pondo ncha ya paa iliyokuwa ikichungulia.

Mpima akaikunja ramani. "Na watu?"

Mjomba akaweka pondo chini. Akanitazama. Mimi nikatazama maji.

"Wako kilimani, Bwana," mjomba akasema.

"Wote?"

"Wote."

Mpima akavua kofia, akamshika mjomba bega. Nadhani macho yake yalilowa, ila kulikuwa na manyunyu, siwezi kuapa.

Tuliporudi kilimani akakusanya watu. Kijiji cha bondeni kimefutwa, alisema, pamoja na shamba lake na cheo cha jumbe wake. Watu wake maskini watakaa chini ya jumbe wa kilimani, naye awapokee sasa hivi, kwa heshima. Akaketi kwenye kiti chake aone.

Ikabidi tugawanyike. Nusu yetu tukasogea pembeni tukawa wageni, mama yangu akiwemo. Baba akakohoa, akatukaribisha, akasema hana kingi lakini tujisikie kwetu. Mama akapiga goti, akauliza atalala wapi.

"Tutakutafutia," baba akasema.

Mjomba alikuwa wa mwisho. "Shemeji, kwetu bondeni mgeni huchinjiwa."

"Jogoo ameshaliwa."

"Kuna wadogo zake."

Baba akamtazama Mpima, na Mpima akatikisa kichwa kukubali, akisubiri. Kuku wakakamatwa. Mkeka ukatandikwa, chakula kikaletwa, na mjomba akala ameketi.