Amplifaya Iliyonukia Mahamri

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo watu wazima na akili zao walinawa mikono wakingoja kula amplifaya yangu. Cheka tu. Mimi mwenyewe sikucheka mpaka mwaka ulipogeuka.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, pale Minjila. Mimi ndiye kifungua mimba, basi niliweka vitabu darini, nikashika jembe, nikawalea wadogo zangu, Mabuke na Maro. Msimu mto ulipolala juu ya mashamba, nilikwenda Garsen kujifunza ufundi wa redio kwa Mzee Galgalo, Mworma aliyeacha kuchunga ng'ombe baada ya kuumia mguu. Alikuwa akisema chombo ni kama ndama: huwezi kukijua mpaka ukae nacho.

Mabuke alipoposwa na kijana wa Golbanti nilifurahi, ila mwiba mmoja ulinichoma. Siku ya kumkabidhi bibi harusi, baba yake husimama akanena mbele ya wakwe. Nikasikia kwamba mjomba wa bwana harusi, Mzee Buya, ameuliza, "Hao mayatima nani atawasemea?" Wa kusema nilikuwa mimi, na sauti yangu ni nyembamba kama ya kifaranga. Nikaapa kwamba siku hiyo nitasikika hadi ng'ambo ya mto.

Nikaunda amplifaya. Transista nilizitoa kwenye televisheni iliyokufa, nikakata kifuniko cha sufuria kiwe bati la kuzipoza, vyote nikavipanga ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Debe nililifuta kwa kitambaa. Nililifuta, mwanangu, sikuliosha, shika hilo. Spika kubwa niliiazima kwa kwaya ya kanisa.

Mzee Galgalo aliniwekea spika yake kuukuu mezani. "Jillo, jaribu na hii kwanza. Bandika kunde jikoni, uache chombo kipige mpaka kunde ziive. Ndiyo uende na spika ya watu."

"Ndiyo, mzee," nikajibu, kwa adabu kubwa.

Nikawasha. Wimbo mmoja ulipiga safi hata mbuzi wa jirani akakata kamba. Nikazima, nikafunga mzigo kwenye pikipiki. Kunde sikubandika hata punje. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani atamwambia hivyo kijana aliyekwisha kutisha mbuzi?

Siku ya harusi, huko Golbanti, jenereta ikanguruma, nikachomeka simu, muziki ukatoka. Wimbo wa kwanza, watu wakacheza. Wa pili, akina mama wakapiga vigelegele. Wa tatu, debe likapata moto, na yale mafuta yaliyobaki pembeni yakayeyuka. Harufu ya mahamri ikatanda chini ya turubai. Mzee Buya akainua pua.

"Chakula kimefika!" akasema, akaitisha maji. Wazee wote wakanawa, wakakunja mikono ya mashati, wakakaa mkao wa kula. Mpishi akatoka mbio, mwiko mkononi. "Nani huyo anakaanga bila mimi?"

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Langu lilijaa nyaya, na likavuma kuliko matupu yote. Moshi ukatoka, transista zikaungua, na spika ya kwaya ikalia paa! ikanyamaza. Nami ndiyo kwanza nimeshika maikrofoni.

Maro akaninong'oneza, "Kaka, sema tu." Nikamtazama Mabuke. Hakuwa akiangalia moshi kama wengine. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikaweka maikrofoni chini.

"Huyu ni dada yangu," nikasema kwa kisauti changu.

"Hatusikii!" wakapaza wa nyuma.

"Basi si msogee!" Mabuke akawajibu, bibi harusi mzima, aliyetakiwa ainamishe macho. Wakasogea, mikono bado inadondoka maji, mpaka magoti yakagusana.

"Huyu ni dada yangu," nikarudia. "Nimemlea kwa jembe na bisibisi. Akiwakosea, niiteni. Mkimkosea, sihitaji kuitwa."

Mzee Buya akajipangusa maji mikononi. "Tumekusikia, baba," akasema. "Tena bila umeme."

Niliporudi Garsen, Mzee Galgalo alinusa debe kabla sijafungua mdomo. "Ulipima kelele," akasema. "Joto hukupima." Alinipa waya mwembamba, nikaisokota upya koili ya spika ya watu. Jumapili mbili kwaya iliimba bila spika, huku imenikazia macho. Na amplifaya ya pili niliijaribu kwa kunde, nikazima, nikajaribu tena. Wiki nzima Maro na mimi hatukula kingine.

Mwanangu, ukiunda kitu kijaribu kwa mali yako, kwa muda wa kutosha, kabla hujakigusisha mali ya mwenzio. Wimbo mmoja si kipimo. Hata binadamu ni hivyo: rafiki, mchumba, mshirika, kila mmoja hupiga safi wimbo wa kwanza. Mngoje apate moto, kisha unuse. Na siku ya kuwasemea walio wako, usikitegemee chombo. Simama useme, wanaotaka kukusikia watasogea.

Mungu akujalie mkono mtulivu, subira ya kunde, na ndugu wa kukutazama wewe wakati wengine wanatazama moshi. Na debe, mwanangu, lioshe kwa sabuni.